Safari ya Neno Kidingapopo

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii kwa kawaida huambiwa mwanafunzi. Ni mara chache huambiwa mtaalamu. Lakini ukiitazama historia ya sayansi katika Afrika ya Mashariki, utaona kwamba wataalamu kadhaa waliotuachia elimu ya kufaa walianza kwa kuwauliza watu wa nchi, na kwamba habari za sayansi huwafaa watu zaidi pale ambapo msemaji yu tayari naye kujibiwa. Ili tusiseme maneno matupu, katika insha hii tutaifuata safari ya neno moja la Kiswahili, neno kidingapopo. Tutaliona likiandikwa na daktari mjini Zanzibar katika karne ya kumi na tisa; tutaliona, pengine, likivuka bahari mbili; na mwisho tutaliona likirudi hapa kwetu Ukunda limevaa mavazi ya kigeni, hata wenyewe wasilitambue.

Katika miaka ya 1860 na mwanzo wa miaka ya 1870 aliishi Zanzibar daktari mmoja wa Kiskoti aliyeitwa James Christie, naye alikuwa tabibu wa Sultani. Zanzibar ya siku hizo ilikuwa bandari kubwa. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na pepo za kusi. Misafara ilitoka bara na pembe za ndovu na watumwa. Na pamoja na bidhaa na watu, maradhi nayo yalisafiri. Mwishoni mwa mwaka wa 1869 kipindupindu kiliingia mjini, kikaua maelfu ya watu.

Christie alitaka kujua ugonjwa ule ulipita njia gani hata ukafika kisiwani. Hakuwa na maabara ya kumsaidia, kwani Robert Koch hakukitangazia ulimwengu kijidudu cha kipindupindu mpaka mwaka wa 1884. Basi alifanya jambo lililowezekana: aliwauliza wasafiri na wafanya biashara wamekutana na ugonjwa wapi, na mwezi gani. Kwa kuyaunganisha maneno yao alionyesha, katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka wa 1876, kwamba kipindupindu kilipita bara, kikaivuka nchi ya Wamasai, kikashuka Pangani na kuvuka mlango wa bahari mpaka Zanzibar. Kitabu hicho kingali chaheshimiwa na wanahistoria, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika vinywa vya watu waliosafiri kwa miguu.

Kabla watu hawajapumua, mwaka wa 1870 maradhi mengine yalizuka mjini. Haya hayakuua kama yale ya kwanza, lakini yalimwangusha mtu ghafula. Aliyekuwa akienda sokoni asubuhi alirudishwa nyumbani adhuhuri hajiwezi, ana homa kali, viungo vyamuuma, na baadaye vipele vyatoka mwilini. Wageni waliona ni ugonjwa mpya. Wenyeji hawakuona hivyo. Wazee waliwaambia vijana kwamba maradhi haya yaliwahi kufika kisiwani walipokuwa wadogo, yapata miaka 48 iliyopita, na kwamba tangu wakati ule yaliitwa kidinga pepo. Christie aliyaandika maneno hayo, na mwaka wa 1872 makala yake ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza, na jina la Kiswahili likiwa katika kichwa cha makala. Alieleza kwamba maana yake ni kushikwa ghafula na mkazo wa mwili kama kwamba mtu amepagawa na pepo. Siku hizi neno hilo laandikwa kidingapopo.

Fikiri kidogo, msomaji, juu ya jambo hili. Daktari hakuwa na faili la hospitali la mwaka wa 1823, kwa kuwa halikuwapo. Faili lake lilikuwa kumbukumbu ya wazee. Kama angalisema kwamba hao ni watu wasiosoma, hawana la kuniambia, basi habari za maradhi ya mwaka 1823 zingalipotea pamoja na mazishi ya wazee wale. Alisikiliza, na kwa kusikiliza aliipa sayansi karibu nusu karne ya historia.

Sasa safari ya neno yaingia bahari kuu. Mnamo mwaka wa 1827 na 1828 maradhi yanayofanana na yale ya Zanzibar yalienea katika visiwa vya Karibi. Watu wa visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza waliyapa jina la mzaha, kwa sababu mgonjwa, kwa maumivu ya viungo, alitembea kwa kujikaza kama kijana mlimbwende. Huko Cuba, nchi iliyosema Kihispania, yaliitwa dengue, neno ambalo kwa lugha hiyo lina maana ya madaha na maringo. Mwaka wa 1881 Christie aliandika tena, akatoa wazo lake: pengine neno kidinga lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani kutoka pwani yetu, likafika Cuba, na Wahispania waliposikia sauti isiyo na maana kwao wakaigeuza ikawa neno walilolijua. Ubishi juu ya wazo hilo haujaisha hata leo, na wako wanaosema kwamba neno dengue ni la Kihispania tangu mwanzo. Lakini wazo lenyewe lingali latajwa katika vitabu vya tiba duniani kote, na kwa hiyo wanafunzi wa udaktari wa nchi za mbali hukutana na neno la Kiswahili wasilolitarajia.

Iko hadithi nyingine inayofanana na hiyo, nayo ushahidi wake ni imara zaidi. Mwaka wa 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika, watu walianza kuugua homa iliyowapinda viungo hata wengine wasiweze kunyoka. Wamakonde waliipa jina lenye maana ya kile kinachompinda mtu, na jina hilo, chikungunya, liliandikwa na daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden katika makala zilizotoka mwaka wa 1955. Virusi vyenyewe vilipatikana katika damu ya wagonjwa mwaka wa 1953. Tena mwaka wa 1959 homa nyingine ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliiita o'nyong'nyong, na kwa jina hilo inajulikana ulimwenguni.

Hata hapo habari haikuisha. Mwaka wa 1971 mtaalamu mmoja aliyalinganisha maandishi ya zamani na elimu mpya, akaona kwamba kidinga pepo ya Christie, pamoja na maumivu yake ya viungo yanayokawia kuondoka, yafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengue ya leo. Yawezekana basi kwamba wazee wa Zanzibar walikuwa wakisema habari za maradhi ambayo sayansi ilikuja kuyatambua rasmi miaka 80 baadaye. Hawakujua habari za virusi, lakini macho yao hayakuwadanganya: waliujua ugonjwa kwa dalili zake, wakaupambanua na homa nyinginezo, wakaupa jina lake mwenyewe. Kazi hiyo ya kupambanua ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi yo yote.

Sasa tumtazame mbebaji wa maradhi haya. Mwaka wa 1906 Thomas Bancroft wa Australia alitoa ushahidi kwamba dengue hupelekwa na mbu yule yule ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti. Ni mbu mdogo mweusi mwenye mistari na madoa meupe miguuni na mwilini. Chikungunya nayo huenezwa na mbu huyo. Tabia zake si kama za mbu wa malaria. Mbu wa malaria huuma usiku. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Mbu wa malaria hupenda vidimbwi, majaruba na mabwawa. Huyu hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya watu: mtungi, pipa, ndoo, kopo lililotupwa, gurudumu la gari lililochakaa. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingojea maji yarudi. Maji yakirudi, yapata siku saba hadi kumi zatosha yai kuwa mbu anayeruka.

Mbu huyu ni wa kwetu kabisa. Asili yake ni misitu ya Afrika, ambako huzaa katika mashimo ya miti. Huko Rabai, kaskazini-magharibi ya Mombasa, wataalamu walikuta aina mbili za mbu huyo zikiishi karibu karibu: mmoja wa msituni na mwingine wa nyumbani, aliyezaa katika mitungi ya maji iliyowekwa ndani ya nyumba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba yule wa nyumbani huvutwa na harufu ya binadamu, na yule wa msituni huvutwa zaidi na harufu ya wanyama. Kwa maneno mengine, mtungi wa maji ndio uliomkaribisha mgeni huyu nyumbani, naye amekaa mpaka amezoea chakula cha mwenyeji.

Jambo hili la mtungi Lumsden aliliona mapema kule Newala. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni haba. Watu waliteka mbali chini ya miteremko, wakayaweka akiba nyumbani. Akiba hiyo ndiyo iliyomlea mbu. Miaka 52 baadaye jambo lilo hilo lilitokea Lamu. Mwaka wa 2004 ukame uliikumba pwani ya Kenya, watu wakaweka maji katika vyombo majumbani, na chikungunya ikazuka. Wataalamu walipochukua damu ya watu 288 wa Lamu na kuipima, waliona kwamba watu 75 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Mwishoni mwa mwaka huo maradhi yalionekana Mombasa. Mwaka wa 2005 yalifika Visiwa vya Ngazija, kisha Réunion, ambako mpaka mwaka uliofuata zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliambukizwa. Mombasa ilipatwa na dengue mwaka wa 2013, na chikungunya ikarudi huko mwishoni mwa mwaka wa 2017.

Na Ukunda je? Mji wetu uko juu ya njia kuu itokayo Mombasa kwenda Lunga Lunga, penye njia panda ya Diani. Umekua upesi kuliko mabomba yake. Nyumba nyingi hununua maji kwa madumu na kuyaweka akiba katika mapipa, na nyuma ya nyumba na gereji magurudumu ya zamani hujaa maji ya mvua. Tangu mwaka wa 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, wakishirikiana na wataalamu wa Kenya, waliwapima watoto waliofika hospitali za Ukunda na Msambweni wakiwa na homa. Wakaona kwamba virusi vya dengue na vya chikungunya vilikuwa vikizunguka miongoni mwa watoto hao, ingawa homa ya namna hiyo kwa desturi hudhaniwa kuwa ni malaria. Mzazi husema, mtoto ana malaria, akanunua dawa ya malaria. Kama homa ni ya virusi, dawa hiyo haifanyi kitu, na siku zapotea.

Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Kwa miaka mingi watu wa pwani wamefundishwa habari za malaria, tena wamefundishwa vema. Kila mtoto wa shule ajua kwamba mbu huleta malaria, na kwamba dawa yake ni kulala ndani ya chandarua. Maneno hayo ni ya kweli, nayo yameokoa maisha ya watoto wengi, wala mtu asiyaache. Lakini yana upungufu mmoja: yamewafanya wengi waamini kwamba mbu ni adui wa usiku tu. Mbu wa mchana amepita mlangoni bila kubishwa hodi, kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Neno kidingapopo, ambalo lingaliweza kuwakumbusha watu, nalo halisikiki katika nyumba nyingi. Maradhi yamerudi yakiitwa kwa jina lililoandikwa Kihispania, na mtu wa pwani huliona ni jina la ugonjwa wa Ulaya.

Kwa hiyo si kazi ndogo kuwaeleza watu jambo la sayansi. Wengi wamejaribu kabla yetu, na inafaa tujifunze kwao. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 lilifanyika jaribio kubwa la sinema za elimu kwa ajili ya Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, si mbali sana na mpaka wetu wa kusini. Wakubwa wake, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu 35, nyingine juu ya kilimo, nyingine juu ya safura na juu ya malaria ya watoto wachanga. Sauti ilipigwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, na gari lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani likiwaonyesha watu filamu hizo nje usiku. Waigizaji walikuwa Waafrika, na kwa watazamaji wengi hiyo ndiyo iliyokuwa sinema ya kwanza kuiona.

Kazi hiyo ilikuwa na sifa zake. Lakini wengi wa watengenezaji wa filamu za namna hiyo wakati wa ukoloni walishika imani moja mbaya: kwamba Mwafrika hawezi kuifahamu picha isipokwenda polepole sana. Iko hadithi iliyopigwa chapa mwaka wa 1961, na mwaka uliofuata ikanukuliwa na mwandishi Marshall McLuhan wa Kanada katika kitabu kilichosomwa sana. Hadithi yenyewe ni hii. Bwana afya mmoja alitengeneza filamu fupi kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu. Filamu ilipokwisha watu wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wakashangaa, kwa kuwa hawakujua kama mna kuku. Walipochunguza wakamwona akipita upesi pembeni mwa picha. Msimulizi aliichukua hadithi hiyo kuwa ushahidi kwamba watazamaji wale hawakuwa na ujuzi wa kutazama picha.

Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza swali jingine. Ikiwa watu wametazama filamu ya makopo na wakakumbuka kuku tu, je, kosa ni la macho yao au ni la filamu? Picha zote zilikwenda polepole kwa makusudi. Kuku peke yake ndiye aliyekwenda kwa mwendo wa maisha. Na je, kabla ya kupiga picha hiyo, bwana afya aliwauliza watu wanajua nini juu ya mbu na maji, kama Christie alivyowauliza wazee wa Zanzibar? Msimulizi hatuambii. Hadithi yote yahusu kile ambacho watu hawakukiona, na haimtaji hata mtu mmoja aliyepewa nafasi ya kuuliza.

Tanzania ilifuata njia nyingine mwaka wa 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kampeni hiyo iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nayo ilidumu majuma 12. Watu yapata milioni mbili waliingia katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila juma kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha redio ikazimwa na watu wakaanza kuzungumza wenyewe: Je, jambo hili liko kijijini kwetu? Tulifanye nini, na nani atalifanya, na lini? Viongozi wa vikundi walifundishwa wasihutubu, bali waongoze mazungumzo. Baada ya mazungumzo watu walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakaondoa maji machafu. Sauti ya redio ilitoka Dar es Salaam, lakini uamuzi ulitoka chini ya mwembe.

Wasanii nao wana sehemu yao. Mwezi wa Julai 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa majira na UKIMWI. Kwa miaka miwili mchezo huo ulisikika sehemu nyingi za nchi, lakini kituo cha Dodoma kilitangaza vipindi vingine wakati huo, ili wataalamu wapate kulinganisha watu waliosikia na wasiosikia. Mmoja wa wahusika alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu aliyechoka kuonewa. Wasikilizaji walimfahamu Mkwaju kama jirani yao. Walimcheka, wakamlaumu, na alipougua waliona wenyewe njia aliyoipita. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika watu walibadili mwenendo zaidi kuliko Dodoma. Hapo msanii alifanya kazi ambayo daktari hakuiweza peke yake, maana daktari humwambia mtu atafanya nini, lakini mchezo humwachia msikilizaji nafasi ya kuhukumu.

Mwandishi wa habari naye ana wajibu mzito. Chukua hesabu ile ya Lamu ya watu 75 katika 100. Ikiandikwa kwa haraka, msomaji aweza kudhani kwamba wamekufa. Kumbe chikungunya huua watu wachache sana, ingawa maumivu yake yaweza kukaa miezi. Tena hesabu yenyewe ilitokana na kuwapima watu 288, kisha ikakadiriwa kwa mji mzima. Mwandishi mwema husema mambo hayo yote matatu: wamepimwa wangapi, wamepatikana na nini, na maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida. Akiacha moja, amempa msomaji hofu au amempa usingizi, na vyote viwili ni hasara.

Basi turudi katika mtaa wetu. Tuseme mtaalamu amekuja Ukunda, akasimama barazani na kusema, mwagieni mbali maji yote yaliyowekwa, kwa sababu yanazaa mbu. Amesema kweli ya sayansi, lakini amesema nusu yake. Mama mmoja atamwuliza kwa adabu, "Mwanangu, maji haya nimeyanunua, nikiyamwaga, watoto watakunywa nini?" Swali hilo si ukaidi wala si ujinga. Ni swali lile lile la Newala na la Lamu, la watu walioweka akiba kwa sababu maji ni haba, na mtaalamu asiyelijibu hajamaliza utafiti wake. Jibu lipo. Maji ya kunywa na ya kupikia yafunikwe barabara kwa kifuniko au kwa kitambaa kilichofungwa imara. Pipa likiisha lisiongezwe tu, bali lisuguliwe kuta zake ili mayai yatoke, na jambo hilo lifanywe kila juma, kwa kuwa mbu hapati nafasi ya kukua katika siku chache. Makopo na magurudumu ambayo hayana kazi yaondolewe, maana hayo humlea mbu bila kumfaa mtu ye yote. Na wale wenye kutawala mambo ya mji nao wakumbushwe kwamba bomba linalotoa maji kila siku humnyang'anya mbu mapipa yake.

Jibu la namna hiyo haliwezi kutengenezwa na mtu mmoja. Mtaalamu alijua habari za mayai. Mama alijua habari za bei ya maji. Mwandishi aliweza kupeleka maneno ya mmoja kwa mwingine bila kuyaharibu, na msanii aliweza kumfanya mbu wa madoadoa ajulikane kama Mkwaju alivyojulikana, kwa shairi, kwa mchezo wa jukwaani au kwa ngoma ya sengenya. Wote wanne wakikaa baraza moja, elimu hufika.

Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi mko katikati ya watu hao. Shuleni mwasoma habari za virusi kwa Kiingereza, na jioni mwazungumza na nyanya zenu kwa Kidigo, kwa Kiduruma au kwa Kiswahili. Siyo wengi wenye bahati ya kusimama pande zote mbili za mto. Kwa hiyo mwalimu akiisha kuwafundisha habari za Aedes aegypti, msirudi nyumbani kwa haraka ya kufundisha. Waulizeni kwanza wazee: homa ya kuvunja viungo iliwahi kufika hapa, na mwaka gani, na mliiitaje? Andikeni majibu yao pamoja na tarehe. Kisha waelezeni mlilojifunza, na mkaribishe maswali. Huenda mkasikia jina ambalo halimo bado katika kitabu cho chote, kama Christie alivyosikia mwaka wa 1870, na kama halikuandikwa na ninyi sijui litaandikwa na nani.